MZEE ARUDI KAZINI KWA HESHIMA, SI KWA NJAA

Kwa sheria ya nchi yetu mtumishi wa umma huruhusiwa kustaafu kwa hiari afikapo miaka 55, na hulazimika afikapo 60. Siku hiyo hukabidhi funguo, hupigiwa makofi, na huambiwa aende akapumzike. Lakini twauliza: huko Kasulu na Kibondo ni nani apumzikaye? Tangu Heru Juu mpaka Makere, tangu Kifura mpaka Mabamba, mzee aliyeagwa Ijumaa huonekana Jumatatu yuko shambani na jembe lake, au analinda duka la mtu usiku, au anabisha hodi kuomba kazi ile ile aliyoagwa.

Kwetu si aibu mzee kufanya kazi. Taifa hili lilijengwa juu ya neno Uhuru na Kazi. Aibu ni pale ambapo mzee hurudi kazini kwa sababu sufuria ni tupu, si kwa sababu ana jambo la kutufundisha. Haya ni mambo mawili, wala yasichanganywe.

Watu wa milima ya Kigoma waijua aibu hiyo tangu zamani. Wakoloni waliifanya nchi ya Waha kuwa ghala la vibarua. Vijana wa Kasulu na Kibondo walipakiwa katika gari moshi wakapelekwa Tanga na Morogoro kukata mkonge. Wakaitwa manamba, kama kwamba hawakupewa majina na wazazi wao. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na kipande kilihesabu siku za kazi, hakikuhesabu uzee. Mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi haukuwako mpaka mwaka 1964, baada ya Uhuru. Manamba wa kabla ya hapo, nguvu zilipomwishia, alirudi kwao na blanketi na kikohozi, akashika jembe mpaka siku ya kufa kwake. Huyo hakustaafu hata siku moja.

Sasa tutazame walimu. Mwaka 1974 chama cha TANU, katika Azimio la Musoma, kiliamua kwamba kila mtoto asome, na mwaka 1977 Elimu ya Msingi kwa Wote ikaanza. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha, katika vijiji vilivyokuwa vipya, wengine chini ya miti. Mwalimu aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule alitimiza 60 mwaka 2017. Na mwaka 2016 ndipo Serikali ilipofuta ada mpaka kidato cha nne, na watoto wakafurika madarasani. Basi kundi kubwa la walimu lilikuwa likitoka kwa mlango mmoja wakati watoto wakiingia kwa mlango mwingine! Ni nani asiyeona kwamba ujuzi ulipotea hapo? Maprofesa na madaktari bingwa wameongezewa umri wa kustaafu mpaka 65. Mwalimu wa kijijini, aliyejua kumfundisha kusoma mtoto asemaye Kiha tu nyumbani, akaachwa aende zake.

Wako wasemao: mkiwarudisha wazee, vijana wetu waliohitimu ualimu na uuguzi wataajiriwa wapi? Hoja hii si ya kupuuzwa. Wazazi wengi wa Kasulu waliuza maharage na mbuzi kumsomesha kijana ambaye leo yuko nyumbani na cheti chake mfukoni. Kwa hiyo twasema wazi: nafasi ya ajira ni ya kijana. Mzee asiikalie. Kiti cha ofisi si kigoda cha babu. Lakini kando ya kijana huyo pana nafasi nyingine, ya saa chache kwa juma, ya kumwonyesha namna ya kumtuliza mtoto mkaidi, namna ya kumpokea mama mwenye uchungu usiku wakati taa hakuna. Kazi hiyo haimnyang'anyi mtu mkate, wala cheti peke yake hakiiwezi.

Mfano tunao, na watu wa Kibondo na Kasulu wanaujua kuliko wengine, kwa kuwa wao ndio waliowapokea wakimbizi wa Burundi. Mwalimu Nyerere alistaafu urais mwaka 1985. Mwaka 1996, akiwa mzee wa miaka 70 na zaidi, alibeba mzigo wa kuwapatanisha Warundi, akaubeba mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mzigo ukachukuliwa na mstaafu mwingine, Mzee Nelson Mandela, mwenye miaka 81, na mapatano yakatiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Wazee hawa hawakutafuta cheo. Vyeo walikuwa wamekwisha viacha. Wala hawakurudi kwa njaa. Ndiyo sababu waliweza kusema kweli mbele ya wenye bunduki.

Hapo ndipo penye kiini cha neno letu. Mtu hawezi kurudi kwa heshima kama hawezi kukataa kurudi. Na atakataaje ikiwa mafao yake ni haba au hayajafika? Mwaka 2018 kanuni zilitaka mstaafu apewe kwa mkupuo asilimia 25 tu. Wafanyakazi wakapaza sauti, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akazisimamisha. Mwaka 2022 ikawa 33. Mwaka 2024 ikapandishwa kuwa 40 kwa wale waliokuwa wakipata 50 zamani. Sauti ya wafanyakazi basi haikwenda bure, wala isinyamaze. Kiinua mgongo kikichelewa, mgongo huinama tena.

Na mkulima je, na mjane wa manamba, ambao hawakupata kuandikwa katika mfuko wowote? Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 pensheni ya Sh. 20,000 kwa mwezi, bila kumwuliza alikuwa karani au mvuvi. Twataka mzee wa Bara naye atazamwe hivyo hivyo.

Wanachama wa Kasulu na Kibondo, msingoje barua kutoka juu. Waandikeni wastaafu wa kata zenu: nani alikuwa mwalimu, nani mkunga, nani fundi, nani bwana shamba. Pelekeni majina yao kwenye vikao vya kata na halmashauri, na mdai walipwe posho ya haki kwa saa watakazotoa. Mzee atakayesema amechoka, mwacheni apumzike, na asiulizwe mara ya pili.