Hesabu Almasi, Achana na Mavi ya Popo

Wasee, leo naanza kwa kukiri kosa. Meza yetu ya Dungeons & Dragons ilipoteza mchezaji, na sio ati mhusika wake aliliwa na joka. Jamaa alichoka tu. Alikuwa anacheza mpiganaji, na kwa miezi alikuwa anaweka akiba anunue deraya kamili ya chuma, ile ya vipande 1,500 vya dhahabu. Mishale alikuwa anahesabu mmoja mmoja, na vita vikiisha anarudi kuokota nusu ya aliyorusha, vile kitabu kinaruhusu. Kando yake ameketi kasisi wetu. Mtu akifa, kasisi anasema "namfufua," tunaendelea. Hakuna anayeuliza anamfufua na nini.

Mara ya tatu jamaa akauliza polepole, "Kwani ni mimi tu nalipa hapa?" Tukacheka. Wiki iliyofuata hakuja, na iliyofuata pia. Mimi ndiye msimulizi wa hiyo meza, kwa hivyo mzigo ni wangu.

Kwa wale hawachezi: kitabu cha wachezaji cha 2014 kinasema uchawi unaweza kudai sauti, mkono ulio huru, na vitu. Revivify, ambayo kasisi anaipata akifika kiwango cha 5, inadai almasi za dhahabu 300, na zikishatumika zimeenda. Sasa piga hesabu. Kufufua watu watano ni bei ya deraya moja. Kila nilipojifanya sioni, nilikuwa namjengea kasisi deraya ya bure kwa awamu, huku mwenzake analipa keshi.

Najua utaniambia hukuja kufanya uhasibu Jumamosi. Sawa, hapo nakubaliana na wewe nusu. Fireball inadai kidonge cha mavi ya popo na salfa. Lightning Bolt inadai kipande cha manyoya na kijiti cha kaharabu au kioo. Visugue uone kama hutapata umeme. Huo ni utani wa zamani, umo tangu kitabu cha Gary Gygax cha 1978, na mimi naupenda kama utani. Lakini mtu anayekaa mezani akihesabu mavi ya popo anahitaji marafiki. Kitabu chenyewe kimekusamehe: nunua mfuko wa vifaa kwa dhahabu 25, au shika fimbo yako, na hayo madogo yote umemaliza.

Msamaha huo unaishia pale bei imeandikwa. Hapo ndipo meza nyingi zinateleza, yetu ikiwemo. Si hata hapa kwetu mganga akikuambia ulete kuku mweusi, huendi na mweupe ukamwambia ajifanye ni mweusi?

Na hizo bei hazikutupwa tu hapo. Revivify inakupa dakika moja tangu mtu afe. Raise Dead inakupa siku kumi, lakini almasi ni ya 500. Resurrection inarudi nyuma hadi miaka mia, kwa 1,000. Ukitaka True Resurrection, tafuta 25,000. Toa bei, na kifo kinakuwa kama kuzima simu na kuiwasha. Weka bei, halafu ghafla mji wenye sonara mmoja tu una maana, na mwizi aliyepora mfuko wa kasisi ni adui wa kweli. (Ila msimulizi, usifiche almasi zote halafu ujiite mkali. Ukidai bei, weka na duka.)

Mkono na mdomo vilevile. Kama mchawi aliyefungwa kamba na kuzibwa mdomo bado anarusha uchawi, jela ni ya nani? Ya mpiganaji peke yake.

Basi nilinunua maharagwe. Kila harage ni almasi za 300, linakaa mezani mbele ya kasisi, likitumika linarudi kwa bakuli. Hakuna daftari, hakuna programu ya simu. Nikampigia jamaa nikamwomba msamaha, akarudi.

Mwezi uliopita walianguka wawili kwa pigo moja, yeye na mchawi. Mbele ya kasisi kulikuwa na harage moja. Dakika moja ya mchezo ni raundi kumi, na majitu bado yalikuwa yamesimama. Kasisi alilishika lile harage akilizungusha kwa vidole, na kwa mara ya kwanza kwa hiyo meza hakuna mtu alikuwa na simu mkononi.

Jamaa ndiye alivunja kimya. "Mfufue mchawi. Mimi nitatengeneza mwingine. Lakini hiyo deraya msithubutu kuiuza."