Mwenye hisa za ndege aulize marubani wanafanyia wapi mazoezi

MWEKEZAJI mdogo anapotaka kununua hisa za shirika la ndege, huuliza mambo matatu: ndege ni ngapi, abiria ni wangapi na gawio ni kiasi gani. Ni maswali mazuri. Lakini lipo la nne ambalo jibu lake halimo katika mizania: marubani wa shirika hilo wanapoingia kwenye simuleta, wanajifunza kutua katika viwanja vya namna gani?

Simuleta ni chumba cha rubani kilichojengwa chini, juu ya miguu ya mitambo inayokiyumbisha kama ndege iliyo angani. Mtambo kamili mpya hugharimu zaidi ya dola milioni 10, na wa kukodi hulipiwa mamia ya dola kwa saa. Shirika lisilo na wake hulipa pia nauli na hoteli za marubani, na kwa siku hizo marubani hao hawaingizi hata senti. Hapana shaka basi kwamba meneja anayetafuta pa kubana matumizi huliona fungu hili mapema.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Viwanja vikubwa vina mtambo uitwao ILS, unaorusha miale miwili ya redio. Mmoja humweka rubani sawa na mstari wa njia ya kutulia, na wa pili humwonyesha mteremko wa kushukia. Mwale wa pili ukikosekana, rubani hushuka kama mtu anayeshuka ngazi gizani: akifika umbali fulani asiwe chini ya futi kadhaa, akipita hapo ashuke ngazi nyingine. Akikosea ngazi moja tu, anakutana na kilima.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Korean Air. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti 1997, Boeing 747 ya shirika hilo, safari namba 801 kutoka Seoul, ilikuwa ikishuka kisiwani Guam katika mvua. Mwale wa mteremko wa uwanja ule ulikuwa umezimwa kwa matengenezo, na taarifa ilikwisha kutolewa. Ndege haikupaswa kuwa chini ya futi 1,440 kabla ya kuupita mnara wa redio ulioko kilimani. Iliupita ukomo huo mapema ikaendelea kushuka, ikagonga kilima cha Nimitz kama maili tatu kabla ya uwanja. Kati ya watu 254 waliokuwemo, 228 walikufa.

Ripoti ya bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, iliyokamilika Januari 2000, ilitaja makosa ya rubani na uchovu wake. Pia ililaumu mamlaka ya anga ya Marekani, kwa sababu mtambo wa kumwonya mwongoza ndege ulikuwa umezuiwa kufanya kazi yake. Lakini kwa mwekezaji, neno zito lilikuwa juu ya mafunzo. Katika simuleta, marubani walikuwa wakirudia njia ile ile ya kushuka bila mwale wa mteremko, ya uwanja wao wa Kimpo. Kule Kimpo mnara uko uwanjani penyewe, kwa hiyo kipimo cha umbali kikifika sifuri umefika. Guam mnara uko maili 3.3 kabla ya uwanja: kipimo hushuka hadi sifuri, kisha huanza kupanda tena, na safari bado.

Kwa lugha ya dukani, ni sawa na karani aliyefanyiwa mtihani wa hesabu kwa maswali yale yale kila mwaka. Cheti anacho, lakini siku mteja akija na swali jipya, duka linapata hasara.

Hasara hiyo haikuishia kwenye fidia. Aprili 1999, baada ya ndege ya mizigo ya Korean Air kuanguka Shanghai, Delta ilisimamisha mkataba wa kuuziana viti na shirika hilo. Shirika likalazimika kubadili mafunzo yake, na mwaka 2000 likamkabidhi shughuli za urukaji ofisa aliyetoka Delta. Fedha zilizookolewa kwenye simuleta zilikuwa ndogo mno mbele ya gharama hizo.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya marubani na mamlaka za anga, mwenye hisa mia mbili hayamhusu. Siafiki. NTSB ilisema pia kwamba mamlaka ya anga ya Korea haikusimamia ipasavyo mafunzo ya shirika lile. Maana yake, leseni ilikuwepo na ukaguzi ulikuwepo, lakini mwanya ulibaki. Kibali cha serikali ni kiwango cha chini tu. Anayeweka fedha zake anayo haki ya kudai zaidi.

Kwetu suala hili si la mbali. Hisa za Kenya Airways ziliingia Soko la Nairobi mwaka 1996, na za Precision Air zikaingia Soko la Dar es Salaam mwaka 2011. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 kati ya 43 wakafariki. Sisemi kwamba chanzo kilikuwa kama cha Guam. Nasema kwamba nchi yenye viwanja vya kando ya maziwa na milima haiwezi kuridhika na mazoezi ya uwanja mmoja ulionyooka.

Kwa hiyo, katika mkutano mkuu ujao wa wanahisa, kabla ya soda na biskuti, aulize mtu. Mazoezi ya mwaka huu yalihusu viwanja gani? Je, mwalimu huzima mwale wa mteremko katikati ya zoezi, usiku na mvua ikinyesha? Na fungu la simuleta limepanda au limeshuka tangu mwaka jana?

Mkurugenzi mwenye majibu atajibu kwa dakika mbili. Akianza kusifia rangi mpya ya ndege, mwekezaji ajue hisa hizo zina hatari ambayo bei yake sokoni haijaihesabu.