UCHAMBUZI: Anayepunguza uzani wa gari ajue cha kung'oa na cha kuacha

WAPENZI wa magari ya kispoti humu nchini wamezoea kuongeza. Huongeza nguvu za injini, upana wa tairi, ngurumo ya bomba la moshi na, mara nyingi, kasha la spika linalojaza buti nzima. Ipo hata hivyo njia ya pili ya kulifanya gari liitikie upesi, nayo ni kulipunguzia uzani. Wanaoifuata huanza kwa kung'oa kiti cha nyuma, kisha zulia, kisha lolote lile ambalo spana inaweza kulifikia.

Wazo lenyewe si baya. Tatizo ni kwamba wengi hulichukua kutoka kwa magari ya mashindano, ambayo hubebwa kwa trela hadi uwanjani, na kulitia katika gari ambalo Jumatatu asubuhi litapeleka watoto shuleni.

Isitoshe, suala hili limekuja wakati ambapo macho ya serikali yameelekezwa kwa magari ya kibinafsi. Kwa miaka mingi mzigo wa ukaguzi umebebwa hasa na matatu, malori na magari mengine ya kibiashara. Mnamo 2025 mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, NTSA, iliwasilisha kwa umma rasimu ya kanuni zilizopendekeza kwamba magari ya kibinafsi yaliyopita miaka 4 tangu kuundwa yawe yakikaguliwa pia. Takriban kila Subaru Impreza inayonguruma katika barabara ya Thika imepita umri huo kwa mbali. Mwenye gari aliyelikata kwa msumeno ili kuokoa kilo 6 ana sababu ya kuwa na wasiwasi. Aliyefungua bolti na kuhifadhi kila kipande hana sababu hiyo, kwani alasiri moja inamtosha kulirudisha gari lilivyokuwa.

Kuna jambo linalofanya wepesi uwe na faida ya pekee kwa wakazi wa nyanda za juu. Nairobi imo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na mtambo wa turbo hupoteza hapo kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu zake. Ile yenye turbo hupoteza kidogo zaidi ya hapana, lakini mtambo huo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuufidia upungufu. Kilo iliyoondolewa, kwa upande mwingine, imeondoka Kilindini na imeondoka Limuru vilevile.

Historia ya mbio za magari nchini inautilia nguvu ukweli huu. Katika Safari Rally ya 1993, Subaru ilileta kigari cha Vivio chenye injini isiyozidi sisi 660, kidogo kiasi kwamba wengi walikiona kama mzaha. Colin McRae alikiendesha mwanzoni kwa kasi iliyowashangaza waliokuwa na magari makubwa, kabla ya kuharibika njiani. Mkenya Patrick Njiru ndiye aliyekifikisha chake mwisho, akamaliza katika nafasi ya 12. Injini ya gari hilo haikuwa na la kujivunia. Lililoliokoa ni kwamba matope, mashimo na miinuko havikuwa na mengi ya kupigana nayo.

Waundaji wa Impreza nao waliuelewa mchezo huo. Ile WRX ya kwanza ya 1992 ilikuwa na uzani wa takriban kilo 1,200, na kwa waliotaka kushindana kampuni iliuza aina ya Type RA iliyopunguzwa vitu kiwandani: haikuwa na kiyoyozi wala madirisha ya umeme, na vitambaa vya kuzuia kelele vilikuwa vichache. Zaidi ya miaka 20 baadaye, WRX STI ya 2014 ilikuwa imepita kilo 1,500. Uzani ulioongezeka haukuwa upuuzi mtupu. Sehemu yake ni mifuko ya hewa, vyuma vya kukinga milango na bodi ngumu zaidi. Sehemu nyingine ni starehe.

Mambo ni hayo hayo ulimwenguni kote. Lotus ya Uingereza, kampuni iliyojijengea jina kwa magari mepesi tangu enzi za mwanzilishi wake Colin Chapman, ilitoa Elise mnamo 1996 ikiwa na uzani wa takriban kilo 725. Gari lake la umeme liitwalo Eletre, lililozinduliwa 2022, linakaribia tani 2 na nusu. Mazda imekuwa miongoni mwa wachache waliokataa mkumbo huo; MX-5 ya 2015 ilirudi karibu na uzani wa ile ya 1989 licha ya vifaa vyote vya usalama vilivyoongezwa katikati. Nchini Ufaransa uzani umegeuka kuwa jambo la ushuru. Mnamo 2022 serikali ilianza kutoza magari mapya yaliyozidi kilo 1,800, ikashusha kiwango hicho hadi kilo 1,600 mwaka wa 2024, kisha kilo 1,500 mwaka wa 2026.

Kenya haina ushuru wa aina hiyo. Hapa mwagizaji hutozwa kwa kuangalia thamani ya gari, umri wake na ukubwa wa injini. Vituo vya mizani vya Mlolongo, Gilgil na Mariakani vipo kwa ajili ya malori. Matokeo yake ni kwamba mwenye gari la kibinafsi anaweza kulimiliki miaka 10 bila kujua lina kilo ngapi, achilia mbali kujua kilo hizo zimekaa wapi.

Na hilo la pili ndilo muhimu. Kilo moja iliyo kwenye gurudumu haiko sawa na kilo moja iliyo chini ya kiti. Gurudumu huzunguka, kwa hivyo injini hulipa gharama ya kulisukuma mbele na pia ya kulizungusha. Aidha, halibebwi na springi, na kwa sababu hiyo kila linapogonga tuta hurushwa juu kwa nguvu ambazo springi na shokabsoba zinapaswa kuzituliza. Rimu iliyofuliwa badala ya kumiminwa inaweza kupunguza kilo 2 au 3 kwa kila gurudumu, na dereva ataihisi tofauti hiyo kabla hajahisi kuondolewa kwa zulia zima. Hata hivyo, rimu nyepesi ambayo asili yake haijulikani ni hatari katika nchi yenye mashimo kama yetu. Ikipasuka katika kona, hesabu ya kilo haitakuwa na maana tena.

Kilo iliyo juu ya gari nayo hudhuru zaidi kuliko iliyo sakafuni, na iliyo mbele ya ekseli ya mbele hudhuru zaidi kuliko iliyo katikati. Betri ya kawaida ya Impreza imo ndani ya boneti na ina takriban kilo 16. Ya lithiamu yenye uwezo wa kuiwasha injini hiyo haifiki kilo 5. Kuibadilisha huchukua dakika 10, na ya zamani inaweza kurudishwa kwa muda huo huo. Sharti ni kuhakikisha kwanza kwamba umeme unaotoka kwa altaneta unakubaliana nayo na kwamba haikai karibu na joto la turbo.

Yapo mengine yasiyohitaji hata kununua kitu. Lita moja ya petroli ina takriban robo tatu za kilo. Tangi la lita 60 likijazwa nusu, gari limepunguziwa kilo 22. Kasha la spika pamoja na vikorokoro vilivyosahauliwa kwenye buti vinaweza kufika kilo 25 bila shida. Zikijumlishwa na kilo 12 hivi za betri na 10 za rimu, jumla inakaribia kilo 70. Kwa gari la kilo 1,400 hiyo ni asilimia 5, na hakuna kilichokatwa wala kutobolewa.

Asilimia 5 inanunua nini? Gari litaongeza mwendo kwa wepesi kana kwamba injini ya nguvu-farasi 230 imepewa karibu 12 zaidi. Katika mteremko wa kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, breki zitakuwa na joto pungufu kwa kiwango hicho hicho, na hapo faida huwa halisi kwa sababu breki zilizochemka hazishiki. Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba masafa ya kusimama kwa ghafla yatapungua kwa kiasi hicho. Hayo hutegemea zaidi mshiko wa tairi kuliko uzani, na tairi kuukuu zitafuta kazi yote ya wikendi.

Hesabu nyingine inanyenyekeza zaidi. Nguvu ambayo gari huwa nayo likiwa mwendoni huongezeka kwa kadiri ya uzani, lakini huongezeka kwa mraba wa kasi. Aliye kwenye kilomita 110 kwa saa akiondoa kilo 70 katika gari la kilo 1,400, amepunguza nguvu hiyo sawasawa na mwenzake ambaye hakuondoa kitu ila alishuka hadi kilomita 107. Kilo 70 vilevile ni uzani wa mtu mzima mmoja. Kila anapompa rafiki lifti, mwenye gari huwa amerudisha garini kila alichokiondoa.

Kwa sababu faida ni ndogo kiasi hicho, hakuna busara katika kuitafuta mahali ambapo uhai umehifadhiwa. Mshipi wa kiti, mfuko wa hewa, chuma kilicho ndani ya mlango na kile kilicho nyuma ya bampa si uzani wa kupunguzwa. Viti vya mbele vya magari mengi ya kisasa vina mifuko ya hewa ya ubavuni pamoja na vihisio. Anayeving'oa na kuweka vya mashindano amezima sehemu ya kinga hiyo, na taa nyekundu itakayowaka kwenye dashibodi haisemi uongo. Mshipi wa mashindano unaomfunga dereva mabega yote mawili una hatari yake katika gari la kawaida: gari likipinduka na dari kubonyea, mtu aliyefungwa wima hana pa kuinamia. Nayo fremu ya vyuma inayokinga dari imeundwa kwa ajili ya kichwa kilichovaa kofia ya chuma. Kichwa kitupu kikigonga bomba lile, kinga imegeuka kuwa nyundo.

Kiti cha nyuma kinastahili kutajwa peke yake kwa kuwa ndicho cha kwanza kulengwa. Kinatoka kwa urahisi na hurudi kwa urahisi. Kikiondolewa, gari limekuwa la watu 2, wala halina budi kutumiwa hivyo. Jioni ya mvua ambapo jirani na wanawe 2 wamekwama kituoni, dereva ataona nafasi kubwa nyuma na atashawishika kuwaketisha sakafuni. Hawatakuwa na kiti wala mshipi. Mwenye familia heri akiache kiti mahali pake na kutafuta kilo zake kwingine.

Spea na jeki hutegemea safari. Vinaweza kubaki nyumbani kwa anayezunguka kati ya Westlands na Lang'ata. Anayeelekea Isiolo asithubutu. Bomba la moshi jepesi nalo hupunguza kilo kadhaa, lakini lile lisilo na kizuia sauti linamgonganisha mwenyewe na kanuni za kudhibiti kelele za 2009, bila kutaja majirani. Ama lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni, kuibandua ni kazi ya siku nzima kwa kilo chache, na haibandikwi tena ikashika kama ya kiwandani.

Bima nayo ina lake. Mkataba wake husimama juu ya ukweli ambao mteja amesema kuhusu gari, na badiliko kubwa lililofichwa huipa kampuni sababu ya kubishana siku ya ajali. Barua fupi ya kueleza kilichobadilishwa haigharimu kitu.

Mafundi makini wana utaratibu wao. Hupiga picha kabla ya kufungua, huweka bolti za kila sehemu katika mfuko wake wenye maandishi, na hufunika soketi za nyaya zilizobaki wazi ili zisiingiwe na maji. Kila kinachotoka hupimwa, hata kama ni kwa mizani ya kuning'iniza ya muuza nyama, na kuandikwa kwenye karatasi inayokaa pamoja na hati za gari. Ni kawaida ya karatasi hizo kuonyesha kwamba kilo nyingi zaidi kwa jasho dogo zaidi zilitoka siku ya kwanza, wakati kasha la spika lilipotolewa kwenye buti.