Mgeni wa Linux Apewe Meza Anayoifahamu

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa mfumo wake wa Windows 10. Habari hiyo yamkini iliwapita wakazi wengi wa Juba bila kuwashtua, lakini yawahusu. Kompyuta nyingi zitumikazo katika ofisi, shule na vibanda vya uchapaji mjini hapa zilikwisha kutumiwa kwingineko kabla ya kufika kwetu kwa barabara ya Nimule. Nyingi kati ya hizo haziwezi kupokea Windows 11, kwani mfumo huo wadai mtambo mpya zaidi na kifaa maalumu cha usalama ndani yake. Mwenye kompyuta ya namna hiyo hana budi kuchagua: anunue nyingine, aendelee na ile isiyo na kinga, au ahamie Linux, mfumo huria ambao mtu yeyote aweza kuunakili na kumgawia mwenziwe pasipo kuvunja sheria.

Sisi twaiunga mkono njia hiyo ya tatu. Lakini tumewaona watu wakiingia Linux asubuhi na kutoka jioni, na sababu haikuwa mfumo wenyewe bali sura waliyoonyeshwa.

Yafaa tueleze. Anunuaye Windows hupewa sura moja aliyochaguliwa na mwuzaji. Katika Linux mambo ni mbali: mtambo wa ndani ni ule ule, ila sura ya nje, yaani menyu, madirisha, upau wa chini na namna ya kufungua mafaili, ni programu ya peke yake. Sura hiyo huitwa eneokazi, nayo ina namna nyingi: GNOME, KDE Plasma, Xfce, MATE, Cinnamon na nyinginezo. Mtaalamu huufurahia wingi huo. Mgeni humchanganya.

Kosa tulilolishuhudia lilikuwa letu wenyewe. Tulimwekea karani mmoja kijana eneokazi tulilolipenda sisi, safi, lisilo na upau wa chini wala kitufe cha kushusha dirisha. Aliandika barua ya kurasa mbili, akafungua faili jingine, barua ikafichika nyuma yake. Alitazama chini ya kiwambo, mahali ambapo kwa miaka yote alizoea kuona kazi zake zimejipanga, asione kitu. Akadhani barua imepotea. Kwa kuona haya kuuliza, akabonya kitufe cha umeme ili aanze upya, na hapo barua ikapotea kwa kweli. Siku ya pili alitujia kwa adabu zote akaomba arudishiwe Windows yake, nayo ilikuwa nakala ya wizi kama zilivyo nyingi. Tungemwambia nini?

Hatusemi kwamba waundaji wa maeneokazi hayo ni wajinga, la hasha! KDE ilianzishwa mwaka 1996 na Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Ujerumani, kwa shabaha hasa ya kumrahisishia mambo mtu wa kawaida. GNOME ilifuata mwaka 1997, ikiongozwa na vijana wa Mexico. Mwaka 2011, mwaka ule ule Sudan Kusini ilipopata uhuru, GNOME ilibadili sura yake kabisa, ikaondoa upau na vitufe walivyovizoea watu. Wengi walinung'unika. Ndipo ikazaliwa MATE, iliyoendeleza sura ya zamani, na Cinnamon, iliyoundwa na watu wa Linux Mint. Kwa hiyo hata mabingwa waliwahi kupotea katika nyumba yao wenyewe. Seuze karani wetu!

Rai yetu ni kwamba aliyekwisha kuizoea Windows apewe Cinnamon. Menyu iko pembeni chini kushoto, upau upo, saa ipo mahali pake, na mkono wake hauhitaji kufundishwa upya. KDE Plasma nayo hufanana na Windows na ni nzuri, ila ina vitu vingi mno vya kurekebisha, na mgeni mdadisi aweza kuuhamisha upau asijue kuurudisha. Kompyuta ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, Cinnamon yatosha. Ikiwa na gigabaiti 2 tu, ipewe Xfce, ambayo ni nyepesi zaidi na sura yake si ngeni. Hapa mjini, ambapo jenereta huzimwa na betri za kompyuta kuukuu hazishiki chaji, mashine huwashwa upya mara kadhaa kwa siku, na kila mara mwenyewe hungoja. Hata hivyo tusidanganyane: ukurasa mmoja wa intaneti waweza kula kumbukumbu nyingi kuliko eneokazi zima, na wepesi wa Xfce hautamwokoa afunguaye kurasa ishirini.

Wako watakaotupinga kwamba vijana wengi wa leo hawakuanza na Windows bali na simu. Hoja hiyo ni ya kweli, nasi twaikubali. Kijana ambaye hajapata kushika kipanya, ila simu yake haimtoki mkononi, huiona GNOME kuwa nyepesi, kwa maana vijipicha vyake vikubwa vimepangwa kama alivyozoea. Huyo apewe hiyo. Mwalimu aulize kwanza mwanafunzi anatoka wapi, ndipo achague. Asichague kwa kipimo cha ladha yake.

Lakini ndani ya ofisi moja liwe eneokazi moja. Tulipokuwa katika chuo cha makadeti hakuna aliyetuuliza twapenda bunduki gani. Sote tulipewa ya namna moja, na faida yake ilionekana usiku, mwenzako alipokuelekeza kwa mdomo tu bila kukuona. Makarani walioketi katika chumba kimoja wakiwa na sura tano mbalimbali hawawezi kusaidiana, na kila swali litamngojea fundi.

Lugha nayo isisahauliwe. Waliorejea kutoka Khartoum walisoma kwa Kiarabu, waliotoka Kampala na Nairobi kwa Kiingereza. Kompyuta moja ya Linux yaweza kuwa na akaunti mbili, kila moja kwa lugha yake, bila kulipia chochote. Kwa Kiswahili, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice tangu mwaka 2004, na njia hiyo ingali wazi kwa wetu.

Kabla ya kufuta chochote, mfumo uwashwe kwanza kutoka kwenye flashi; Linux Mint na Ubuntu huruhusu jambo hilo bila kugusa diski. Mgeni aandike barua, aihifadhi, aifunge, aitafute tena, kisha aichape. Aliyemchagulia eneokazi asimame nyuma yake saa nzima, mikono mfukoni, na kila mahali atakapokwama pawekwe alama kwenye karatasi.