MENO YA VIJANA WETU NI NENO LA CHAMA



Huenda baadhi yenu mtacheka mkiona kichwa cha habari hii. Mtasema chama kina shida ya mishahara na ya wenzetu walioachishwa kazi, sasa meno yametoka wapi? Tungojeeni kidogo.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alikuja ofisini kuomba mkopo. Binti yake wa miaka 15 alikuwa halali usiku kwa jino, na shule haendi. Daktari alisema jino laweza kutibiwa na kuzibwa, likakaa miaka mingi. Lakini bei ya kuziba ilimshinda baba. Bei ya kung'oa aliiweza. Kabla kamati yetu haijakutana, jino lilikuwa limekwisha ng'olewa. Aibu hiyo ni yetu pia.

Jino lenyewe lilikuwa gego la kwanza, lile liotalo mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto. Wazazi wengi hulidhania la utoto, wakangoja litoke liote jingine. Halioti jingine.

Meno huoza hivi. Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa asidi, nayo huyeyusha gamba la jino. Kila sukari iingiapo kazi hiyo huanza upya. Kwa hiyo kijana anayeonja soda kidogo kidogo mchana kutwa hujidhuru kuliko yule aliyeimaliza mara moja pamoja na chakula. (Wenzetu wa Nakuru na Naivasha wanajua meno ya rangi ya kahawia. Hayo ni ya floraidi nyingi katika maji, si kuoza.)

Wapo wasemao kwamba vijana ni wavivu wa mswaki. Ni kweli kwamba mswaki wapasa kupigwa mara mbili kwa siku, kwa dawa yenye floraidi, na sisi wazazi tusimamie. Lakini mtazameni kijana anayejifunza kazi. Mapumziko ni nusu saa, mahali pa chakula hakuna, maji ya kunywa ni ya kubahatisha, na pesa yake yatosha soda na mandazi. Soda ya nusu lita yaweza kuwa na sukari gramu 50. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima asipite kiasi kama hicho kwa siku nzima! Huyo amekimaliza saa saba mchana, bado chai ya jioni.

Kwa hiyo, katika mapatano mapya, twataka kuziba jino kuhesabiwe kuwa matibabu sawa na kung'oa, kwa mwanachama na kwa watoto wake mpaka wamalize masomo. Twataka pia maji safi na chakula cha mchana kazini. Matajiri watasema kwamba tangu Oktoba 2024 kila mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 kwa Bima ya Afya ya Jamii, na hiyo yatosha. Jibu letu ni kwamba makato hayo hutoka katika mshahara wa mfanyakazi. Tajiri haongezi hata senti.

Wajumbe wa matawi, waulizeni wanachama ni wangapi mwaka huu wamelipia jino la mtoto, na kama lilizibwa au liling'olewa. Hesabu hiyo ifike ofisini kabla ya mkutano wa kamati.