Mpira wa Mtoto Sio Mambo ya Baba Peke Yake

Leo sina pishi wala urembo. Nina jambo la watoto, na naomba mtu asinune mpaka amalize kusoma.

Katika visiwa vyetu hivi kuna mgawanyo wa kazi ambao hakuna aliyeuandika lakini sote tunaufuata. Mama ni skuli, chuo, kliniki, nguo na chakula. Baba ni ada na mpira. Mtoto akirudi na vumbi, mama anafua jezi. Akiteguka mguu, mama anakanda. Lakini muulize mama mtoto wake anacheza timu gani, nani anawafundisha, wanamaliza saa ngapi, jawabu ni moja: "Hayo ya mpira muulize baba yake." Na ukimuuliza baba yake, mara nyingi na yeye hajui, maana saa 10 jioni yupo kazini au barazani, na mpira anaoujua yeye ni wa Simba na Yanga.

Nasema wazi: mgawanyo huo ni wa hatari, na sisi kina mama ndio wa kuuvunja.

Tupige hesabu ndogo. Mazoezi yanaanza baada ya Alasiri na kumalizika Magharibi inapokaribia. Tuseme saa 2 kwa siku, siku 4 kwa wiki, na mechi moja mwisho wa wiki. Hizo ni saa 10. Hakuna ami wala mjomba anayekaa na mtoto wako saa 10 kila wiki. Tukitaka kumpeleka mtoto chuo tunauliza maalim ni nani, katoka wapi, anapiga au hapigi. Tukichukua msichana wa kazi tunauliza mpaka jina la bibi yake. Kiwanjani mtoto anajipeleka mwenyewe, pekupeku, na hakuna aliyeuliza kitu.

Tumalize kwanza habari ya "mpira uhuni"

Wapo watakaosema dawa ni kumkataza tu. Siafiki. Kucheza si dhambi, na kuupa mwili mazoezi ni katika kuitunza amana ya Mwenyezi Mungu. Bwana Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), na habari hiyo tumeisikia tangu tukiwa wadogo. Masheikh wanachokataza ni yale yanayouzunguka mchezo: kupitisha sala, kuacha sitara, matusi, na kamari. Yote manne ni mambo ya malezi, na malezi hayafanyiki kwa kukaa mbali.

Tena mtoto wa miaka 10 ukimkataza mpira bila ya sababu, hatoacha. Atakwenda kwa siri. Na mtoto anayecheza kwa siri hana wa kumwambia siku akipatwa na jambo, kwa sababu kusema kilichompata ni kukiri kwamba alikwenda. Hapo umemfungia mlango wa nyumba, umemwachia wa nje wazi.

La kwanza la kujua: nani yupo na mtoto wako

Makocha wengi wa mitaani ni watu wa kheri. Hawalipwi, wananunua mipira kwa pesa zao, na wamewaokoa vijana wengi na unga. Allah awalipe. Lakini mtu mwema hachukii kuulizwa, na mtu mbaya anapenda sana pahala ambapo hapaulizwi.

Tusijidanganye kwamba haya ni ya kwetu tu au ya masikini tu. Uingereza, kwenye mpira wa fedha nyingi na ofisi za kila namna, Novemba 2016 mchezaji wa zamani Andy Woodward alijitokeza hadharani kueleza jinsi kocha alivyomdhalilisha alipokuwa mtoto. Baada yake walijitokeza wanaume wengine mamia, watu wazima wenye wake na watoto, waliokaa kimya miaka mingi. Wazee wao waliwaamini makocha wale kwa sababu walikuwa wakarimu na walikuwa na njia ya kumfikisha mtoto mbali. FIFA wenyewe mwaka 2019 walitoa mpango wa kulinda watoto kwa vyama vyote vya mpira. Kama wao wameona haja, sisi tunaona haya ya nini?

Basi shika haya. Kocha asikae na mtoto mmoja faragha, chumbani, nyumbani kwake wala garini. Asimpe mtoto zawadi ya simu au njumu bila ya wewe kujua. Asiwe na maongezi ya usiku na mtoto kwenye simu. Timu ikivuka bahari, iwe ni Pemba, Unguja au Dar, uliza wanalala wapi, nani analala nao, na mzazi gani anakwenda nao. Ukijibiwa "wewe mama usiwe na wasiwasi," basi ndio uwe nao.

Na mtoto akikwambia jambo, usimpige, usimwambie anyamaze kwa ajili ya jina la ukoo. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, wa kike na wa kiume. Kuna vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, kuna dawati la jinsia na watoto polisi, kuna simu namba 116. Usimuogeshe, usifue nguo zake kabla hajaonwa na daktari. Sulhu ya barazani kwenye jambo hili ni kumuuza mtoto mara ya pili.

La pili: usikubali kudanganya umri

Hili linakuja mlangoni kwetu hasa, kwa sababu cheti cha kuzaliwa kipo kwenye sanduku la mama. Anakuja mtu wa timu, ana adabu, anakuita mama. Anasema mtoto ana kipaji lakini amezidi mwaka mmoja au miwili, "tunarekebisha kidogo tu." Huko si kurekebisha. Ni uongo wa maandishi, na anayefundishwa uongo huo ni mwanao, kwa mkono wako, kwa kisingizio cha kumpenda.

Aibu yake tumeshaiona. Aprili 2018, timu yetu ya Karume Boys ilikwenda Burundi kwenye mashindano ya CECAFA ya vijana chini ya miaka 17. Sharti lilikuwa mchezaji awe hakuzaliwa kabla ya Januari 1, 2002. Ilionekana wapo waliozaliwa kabla, na timu nzima ikatolewa mashindanoni. Waliokuwa na umri sahihi nao walirudi mikono mitupu. Na ujanja wenyewe una mwisho: tangu mwaka 2009, kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, FIFA wanapima mfupa wa kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI. Karatasi itadanganya, mfupa hausemi uongo.

Tuache hata hayo ya kimataifa. Kwenye kiwanja cha mtaani, uongo wa umri maana yake ni kijana mwenye ndevu kumkaba mtoto wa miaka 11. Unayemsaidia kudanganya leo ndiye atakayemvunja mguu mtoto wa jirani yako, au jirani atasaidia atakayemvunja wako.

La tatu: usiuziwe ndoto

Kila mtoto mwenye chenga mbili anaambiwa atakuwa Feisal Salum. Dua njema, lakini watoto wanaocheza mpira visiwani ni maelfu, na kikosi ni watu 11. Mtoto acheze kwa furaha na afya, na akifika mbali iwe ni rizki juu ya rizki. Skuli haiachwi kwa ajili ya kocha aliyesema "huyu ana kitu."

Halafu kuna huyu anayejiita wakala. Anasema atampeleka mtoto wa miaka 15 Ulaya au Uarabuni, anataka pesa ya pasi na ya majaribio. Mama, sikiliza: kanuni za FIFA, kifungu cha 19, zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia timu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache maalumu, kama vile wazazi wenyewe kuhama kwa sababu zisizohusu mpira. Kwa hivyo anayekuahidi hayo ama hajui anachosema, ama anajua vizuri na anataka pesa zako, ama anamtaka mtoto. Usiuze hereni. Nenda kwa sheha, nenda polisi.

La nne: mwili wake bado mdogo

Mpira namba 5 ni wa kuanzia miaka 13 kwenda juu. Miaka 8 hadi 12 ni namba 4, na wadogo zaidi namba 3. Kumpa mtoto wa miaka 7 mpira wa watu wazima ni sawa na kumvalisha viatu vya baba yake. Kupiga vichwa nako kusiwe kwa mazoea. Marekani tangu 2015 waliwazuia watoto wa miaka 10 na chini, na Uingereza mwaka 2020 waliwaondolea watoto wa skuli za msingi mazoezi ya vichwa. Mtoto akigongwa kichwa, akawa anapepesuka, anatapika au hajitambui, mechi yake imekwisha siku hiyo, hata kama ni fainali na timu inafungwa. Apelekwe hospitali.

Maji yawepo, na ayanywe kabla hajaona kiu. Magoli ya kuhamishika yafungwe chini, maana yanaangukia watoto na yanaua. Ngurumo ikisikika, kiwanja kiwe kitupu, hasa masika.

La tano: adhana na simu

Kocha anayesimamisha mazoezi kwa ajili ya sala anafundisha zaidi ya mpira. Anayewacha Magharibi iwapite watoto 20 kwa sababu "dakika tano tu" anafundisha pia, lakini kitu kingine. Hili ni haki yetu kulidai: mazoezi yamalizike mapema, watoto wawahi msikiti au nyumbani. Siku na saa za chuo zijulikane na timu, na asiadhibiwe mtoto kwa kuchelewa kutoka chuo.

Na kubeti. Sheria inataka mtu awe na miaka 18, lakini simu ya kaka haiulizi umri. Mtoto anaanza kwa kutabiri, anamaliza kwa kuchukua chenji ya mkate. Ni kamari ile ile iliyokatazwa, imevaa jezi tu.

"Mwanamke kiwanjani, fedheha"

Najua mtakayosema. Nina kazi. Mume wangu hatopenda. Watu watasema. Na binti zetu wanaotaka kucheza, nao tuwafanye nini?

Kazi tunazo sote, kwa hivyo tugawane. Timu ina watoto 20 na mazoezi siku 4. Wakikaa kina mama wawili kila siku, zamu yako inakuja mara moja katika wiki mbili na nusu. Nendeni wawili wawili na mabuibui yenu, kaeni chini ya mwarobaini, sukeni ukili au vuteni uradi. Hakuna anayekutaka upige penalti. Jicho la mama pembeni ya kiwanja linapunguza matusi, linapunguza fimbo, na linamfanya mwenye nia mbaya ahame mtaa.

Mume muoneshe hesabu ile ya saa 10. Kama hataki wewe uende, basi aende yeye. Asiyekwenda wala asiyetaka mtu aende, huyo hajali heshima yako, anajali raha ya baraza.

Na watakaosema waseme. Fedheha ni mtoto kuharibiwa mita 300 kutoka jikoni kwako na wewe hujui jina la aliyekuwa naye.

Ama binti, naye ana mwili unaohitaji mazoezi. Tangu 2014 sheria za mpira zinaruhusu mtilio wa kichwa, kwa hivyo hijabu si kisingizio cha mtu yeyote. Acheze na wenzake wa kike, kwa sitara, pahala pa heshima, na mwanamke mzima awepo. Akikosekana mwanamke huyo, kosa si la binti.

Wahenga wametuachia kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kiwanja ndio ulimwengu wa kwanza wa mtoto wa kiume hapa kwetu. Wiki hii, kabla ya Ijumaa, fanya mambo matatu: lijue jina kamili la kocha na anapokaa, mpe namba yako ya simu, na ukae kiwanjani zoezi moja mpaka mwisho. Halafu mchukue shoga yako mmoja wiki inayofuata.

Allah atuhifadhie watoto wetu, wa kike na wa kiume, na atupe nguvu ya kutimiza sehemu yetu. Amin. Wassalaam.