Kompyuta Ikichelewa Kuwaka, Mlinzi Asifukuzwe

Imezuka miongoni mwetu tabia ambayo yafaa isemwe waziwazi. Afande arudipo nyumbani kutoka zamu, hapa Kamembe au kwingineko wilayani Rusizi, huiwasha kompyuta ya familia ili amalizie somo lake au watoto wafanye kazi ya shule. Huenda akatia chai, akainywa hadi ikaisha, na mashine bado inazungusha duara lake. Basi hukasirika, na kwa hasira hiyo hufanya moja ya mambo mawili: ama huzima kinga ya virusi, kwa kuwa ameambiwa kuwa ndiyo ilayo nguvu za mashine, ama huibeba mashine na vyote vilivyomo akamwachia fundi asiyemfahamu. Sisi twasema yote mawili ni makosa, na kwa mtu aliyevaa sare ni makosa makubwa zaidi.

Kwanza tuelewe kinachochelewesha. Kompyuta iwashwapo hujikagua viungo, kisha huusoma mfumo wake kutoka kwenye diski, kisha huziita programu zote zilizojiandikisha kuamka pamoja nayo. Hizi za mwisho ndizo balaa. Programu ya muziki, ya mazungumzo, ya printa iliyokwisha kuharibika mwaka juzi, kila moja ilijiandikisha siku ilipowekwa, na mwenye nyumba hakuulizwa, au aliulizwa akakubali bila kusoma. Buruji likilia, zote zagombea mlango mmoja.

Dawa yake haina gharama. Kwa wenye Windows 8 ya mwaka 2012 au zilizofuata, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha la usimamizi wa kazi, na ndani yake mna orodha ya programu zianzazo na mashine, kila moja na uzito wake: mkubwa, wa kati au mdogo. Zizuie zile zisizohitajika. Kuzizuia si kuzifuta. Zitafunguka siku utakapoziita. Lakini kinga ya virusi iacheni mahali pake. Hakuna kamanda amwondoaye askari wa lindo kwa sababu tu ukaguzi wa langoni wachelewesha magari.

Pia yafaa kujua kwamba katika Windows hizo kuzima mara nyingi si kuzima kabisa. Mashine huhifadhi sehemu ya mfumo katika diski ili iwake upesi kesho, na uchovu wa jana huweza kurudi nayo. Mara mojamoja chagua kuiwasha upya badala ya kuizima. Hapo ndipo huanza safi.

Ikiwa baada ya hayo bado inajikokota, tazameni diski. Kompyuta nyingi za zamani zina diski ya sahani izungukayo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa chake hutangatanga huku na huku kutafuta kila faili. Diski ya kisasa isiyo na kitu kizungukacho haina safari hiyo. Kwa maoni yetu, mwenye fedha kidogo azitie hapa kabla ya kufikiria mkopo wa kompyuta mpya. Wenzetu wa bonde la Bugarama, penye joto na kiwanda cha saruji, wana adui wa ziada: vumbi likiziba feni, mashine hupata moto na kujipunguzia kasi yenyewe.

Zile programu ziahidizo kuongeza kasi kwa kubonyeza mara moja tusizikaribishe. Nyingi huongeza jina jingine katika orodha ileile tuliyokuwa tukiipunguza, na nyingine ni wezi waliovaa sare.

Wenye Windows 10 wakumbuke kuwa Microsoft ilikoma kuipatia watumiaji wote masahihisho ya usalama bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025. Kasi pekee haitawakinga. Wahamie mfumo unaotunzwa, na ikiwa mashine haikubali Windows 11, Linux hutosha kwa masomo na barua.

Sasa turudi kwa fundi. Wilaya yetu ni ya mpakani. Bukavu iko ng'ambo ya daraja, na bidhaa huvuka kila siku mikononi mwa watu. Katika kompyuta ya askari mna picha za wenzake, namba zao, pengine hata orodha ya zamu ambayo haikupaswa kuwamo. Vitu hivyo vinakiliwe na kuondolewa kabla, nawe ukae pale fundi afanyapo kazi; kubadili diski si kazi ya siku mbili. Ile ya zamani usiiuze wala kumwachia kama bakshishi. Kufuta kwa kawaida huacha maandishi yasomeke kwa ajuaye kuyatafuta. Irudi nawe nyumbani, na siku ya kuitupa, sahani zake zivunjwe kwanza kwa nyundo.